Fundo la Mgongoni

Jumatano, 26 Aprili

Kipindi cha kwanza baada ya Mwaka Mpya wetu wa Aprili. Feni mbili, moja imekufa. Mwalimu Huot akataka kila mmoja ataje nani wa kwao alikufa miaka ile. Ndivyo anavyofungua mhula. Anasema historia bila marehemu wa nyumbani ni hesabu tu.

Tukazunguka madawati. Babu. Babu na wajomba wawili. Bibi, kwa njaa. Shangazi, haijulikani wapi. Kijana wa nyuma akasema, "Wote wa upande wa mama," akakaa.

Zamu yangu nikasema: baba. Aliitwa kusoma mwaka 1978, mimi nikiwa tumboni. Hakuna aliyeuliza kusoma nini. Hata hawa waliozaliwa juzi wanajua. Enzi za Shirika, ndivyo utawala ule wa mauaji ulivyojiita, mtu aliitwa kusoma, akaambiwa asibebe kitu, na hakurudi.

Mazoea ya kazi yakanifanya niandike pembeni: darasa limejaa, waliouawa ni wengi, walioua hakuna. Nchi nzima ni watoto wa marehemu. Wale wengine, inaonekana, hawakuzaa.

Baada ya kipindi nikafuatwa na Kimleang, msichana anayeongoza kikundi cha maigizo. Mwaka huu chuo chetu kimepewa igizo la siku ya kumbukumbu, tarehe 20 Mei, kule uwanjani penye makaburi. Wanafunzi huvaa nyeusi na kuigiza mauaji mbele ya wazee walionusurika. Anatafuta wa kuigiza kiongozi wa kikosi cha wauaji.

"Sisi tukivaa zile nguo, Mjomba, tunaonekana tunakwenda karaoke."

Nikamwambia nitafikiri.

"Usifikiri sana. Uso wake unao."

"Uso wa nani?"

"Wa mtu asiyecheka."

Miaka ishirini niliripoti sherehe ile kutoka safu ya waandishi. Gazeti limefungwa. Sasa mimi ni mwanafunzi wa miaka arobaini na mitano, na mwalimu wangu ananiita Kaka. Sijawahi kuitazama kutoka ndani. Nikakubali.


Alhamisi, 27 Aprili

Nimemwambia Mama. Alikuwa anaparua samaki.

"Utakuwa nani?"

"Kiongozi wa kikosi."

"Anakufa?"

"Hapana. Anaua."

Akaendelea na magamba. Kisha: "Afadhali. Wanaokufa wanalazwa juani muda mrefu."


Jumatano, 3 Mei

Ukumbi umechukuliwa kwa ajili ya Michezo ya kimataifa — mji mzima ni bendera na mabasi ya wanariadha. Tunafanyia mazoezi kwenye maegesho ya pikipiki.

Kura ya kugawa sehemu. Hakuna anayetaka kuwa askari wa Shirika. Wote wanataka kufa. Kijana aitwaye Rith alipofungua karatasi yake akashika kichwa. "Mama'ngu atanichapa! Kweli tena!" Akajaribu kuibadilisha kwa pakiti mbili za tambi na chaja ya simu.

"Hakuna kubadilishana!" Kimleang akapiga kelele. "Hii ni historia, si kadi!"

Mwishowe Rith akahurumiwa na kupewa umateka. Sasa anatembea kifua mbele kuliko wote.

Sisi wauaji itabidi twende hekaluni kabla ya siku yenyewe, tunyunyiziwe maji na kufungwa uzi mwekundu mkononi, marehemu wasije wakatudhania ndio wale. Mwalimu Huot, mwenye shahada tatu, atakuja pia. Kwa heshima ya mila, anasema. Nikauliza, na wanaoigiza kufa je, hawafungwi uzi? "Sisi marehemu wanatupenda," akajibu Rith.

Tatizo ni kamba. Mateka walifungwa viwiko nyuma. Picha zipo, lakini zote zimepigwa kwa mbele. Kila fundo tunalofunga linafunguka baada ya hatua chache. Kimleang karibu alie. "Mateka gani huyu anatembea huku anajikuna pua!"

Nikasema nitauliza nyumbani.


Jumapili, 7 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilimwonyesha Mama nguo. Akazishika kwa vidole viwili. "Nyeusi ya dukani. Ile yetu ilikuwa ya matunda ya porini. Ikifuliwa mara mbili inakuwa kijivu." Akaniambia niziloweke kwenye majivu. Tukaziloweka. Alikuwa mchangamfu kiasi chake. Aliimba kidogo, bila maneno.

Kisha nikauliza: walifungaje mikono?

Akanitazama. "Ya nini?"

"Watoto wanafunga, inafunguka."

"Geuka."

Nikageuka. Alivua krama, kitambaa chake cha kichwani, ile ya mirabamiraba nyekundu iliyopauka. Ana miaka sitini na sita, na vidole vyake vina baridi yabisi. Hawezi kufungua chupa ya mchuzi wa samaki, hunipa mimi. Sikumaliza kuvuta pumzi. Viwiko vyangu vilikuwa vimegusana. Kifua kilifunguka chenyewe kama mlango. Akanigonga begani mara moja, kama mtu anayemaliza kufunga gunia, akasema:

"Nenda."

Sauti haikuwa ya kunisemesha mimi. Sauti haikuwa ya kumsemesha mtu yeyote.

Nilikwenda hatua mbili. Kweli nilikwenda!

"Wali unaungua," akasema, akaingia ndani. Nikabaki uani nimefungwa, natazamana na kuku.

Aliporudi alivuta mara moja tu, lote likaachia. Kuna mkia unaobaki nje. Ukiuvuta, kila kitu kinafunguka, ila aliyefungwa hawezi kuufikia.

"Watoto wa watu usiwakaze hivyo," akasema. "Waachie nafasi ya kidole."

Tukala. Nimewahi kumuuliza jenerali mbele ya walinzi wake fedha za barabara zilikwenda wapi. Leo nilimuuliza Mama kama kuna pilipili zaidi.


Jumatatu, 8 Mei

Sikukuu ya kulima. Tulitazama ng'ombe wa mfalme kwenye runinga wakiletewa nafaka wachague, watabiri mavuno. Mama huwa anawasemesha. "Kula mpunga, mpumbavu wewe, kula mpunga." Leo aliinuka kwenda kusugua sufuria kabla hawajachagua.

Aliyefungwa halioni fundo. Liko mgongoni kwake. Analolijua ni maumivu ya mabega. Njia ya fundo, lipite wapi na lirudi wapi, anaijua aliyesimama nyuma.

Ninalotoka nalo ni hilo. Sioni tundu ndani yake.

Ninachojua kuhusu Baba: yeye na Mama waliozeshwa na Shirika, wamesimama safu, wanaume huku, wanawake kule. Alikuwa na meno mazuri. Aliitwa kusoma. Mama hajaongeza neno miaka yote hii, na mimi, mwandishi wa habari, sikuomba nyongeza. Mwaka 1978 Shirika liliwala hata watu wake lenyewe. Nimeliandika hilo mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwa idadi na majina ya mikoa. Maaskari pia waliitwa kusoma. Sentensi ileile inamtosha aliyefungwa na aliyefunga.

Kila Mei, chini ya makala yangu, mhariri alichapa: "Mwandishi ni mwana wa mhanga." Yawezekana bado ni kweli. Yawezekana ni kweli, ila si kwa maana niliyoikusudia.

Na mimi nimejijenga juu ya sentensi hiyo. Nilipata kazi kwa sababu yake. Nilioa kwa sababu yake — baba mkwe alisema anataka mtu wa familia iliyoteseka, si ya wale. Ndoa ilivunjika kwa mambo mengine.

Mama anauliza kama nimeshatoa nguo kwenye majivu. Nimetoa. Kijivu kizuri.


Alhamisi, 11 Mei

Nimewafundisha fundo. Nimeacha nafasi ya kidole. Limeshika.

Hakuna aliyecheka. Rith alitembea hadi kwenye lango na kurudi, mabega nyuma, shingo mbele. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, nifungue." Nikamwambia asubiri Kimleang apige picha. "Nifungue basi. Nifungue!" Nikavuta mkia. Akaenda kukaa kwenye pikipiki yake, akavaa helmeti, akakaa nayo.

"Hilo hilo," akasema Kimleang. "Hilo ndilo lenyewe." Lakini yeye mwenyewe alikuwa anajisugua viwiko.

Mwalimu Huot akaja. "Kaka Vuth, umelipata wapi?"

"Nyumbani."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Anataka kuliandikia makala kwenye jarida la chuo. Nikamwomba asiandike.

"Kwa nini? Ni ushahidi!"

"Wa nini, Mwalimu?"

Akafikiri. Ni mtu mwaminifu. "Wa fundo," akasema.


Jumapili, 14 Mei

Hekaluni. Foleni ya wauaji nje ya geti, wamebeba ubani na soda. Mtawa mzee akatumwagia maji kwa bakuli zima, bila huruma. Simu ya Mwalimu Huot ililowa. Uzi hufungwa na mkubwa wa nyumbani kama yupo, kwa hiyo nilimleta Mama.

Amenifunga uzi maisha yangu yote. Nilipokuwa na homa. Kabla ya mtihani. Siku gazeti liliponituma mpakani mara ya kwanza, alisimama stendi akaufunga huku basi linaondoka. Haukuwahi kufunguka. Ilibidi kuukata, au yeye avute mkia mdogo uliobaki nje.

Mkia mdogo uliobaki nje. Nimelijua fundo lile tangu utoto. Lilikuwa dogo tu.

Leo alinifunga fundo jingine, la kawaida, kama la kiatu. Alihangaika nalo kama mtu asiye na vidole. Kimleang akamwambia, "Bibi, nikusaidie?" Mama akasema hapana, macho tu yamechoka.

Lilifunguka kabla hatujafika kwenye lango. Nikaokota uzi, nikatia mfukoni. Sikumwonyesha.


Jumanne, 16 Mei

Nimeuliza. Nilisubiri awe ameshika kitu — swali gumu humwulizi mtu mwenye mikono mitupu. Alikuwa anachambua mchicha wa maji.

"Mama, nani alikufundisha fundo lile?"

"Wakati ule kila mtu alijifunza kila kitu."

"Kila mtu hakujifunza hilo."

Akavunja shina moja. Jingine. Akaniuliza, bila hasira, kama anayeuliza ninataka chumvi kiasi gani:

"Unataka niwe nani, Vuth?"

Nikasema sijui. Ni jibu sahihi, lakini nilipolisikia likitoka halikunipendeza.

"Basi ukijua utaniambia." Akasuuza mikono. "Jumamosi nakuja."

"Wapi?"

"Huko uwanjani. Si kuna basi la chuo?"

Hajawahi kukanyaga pale. Kila mwaka nilimwalika, kila mwaka goti lilikuwa linamuuma.


Ijumaa, 19 Mei

Amepiga pasi blauzi nyeupe. Amefua krama na kuianika. Goti halijatajwa.


Jumamosi, 20 Mei

Naandikia ndani ya basi, mbele ya hekalu la uwanjani. Injini bado haijawashwa.

Tulifika mapema. Watawa chini ya hema, wakubwa kwenye viti vyenye mito, wazee walionusurika kwenye viti vya plastiki, mstari wa mbele. Mama akaenda kukaa nyuma kabisa, kisha mtoa maji akamwona ni mzee, akamshika mkono na kumleta mbele. Hakubisha. Akakaa pembeni ya bibi mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa, anatafuna tambuu.

Tukaanza. Wakulima wanavuna, muziki wa spika, mimi naingia na kikosi changu. Kipaza sauti kilikoroma. Niliwafunga mmoja mmoja: Kimleang kwanza, kisha wengine, Rith wa mwisho. Nikawapanga safu. Nikamgonga Kimleang begani, na nikasema, "Nenda." Tuliandika amri ndefu, yenye maneno ya mapinduzi. Nilikuwa nimeikariri. Lakini hilo ndilo lililotoka, na sauti sikuitambua.

Yule bibi mwenye tambuu akatoa mlio. Si kilio. Kama mtu aliyekanyagwa.

Walitembea safu hadi shimoni. Fimbo zetu ni za mianzi iliyojazwa sponji. Rith akaanguka kabla hajapigwa. Hakuna aliyecheka. Wazee wengine walilia, mkubwa mmoja alisoma ujumbe kwenye simu. Watoto walilala juani muda mrefu, kama Mama alivyosema.

Mama nilimtazama mara moja. Alikuwa anatazama mikono yangu, si uso.

Baadaye, mikate na soda. Rith anajivunia vumbi mgongoni. "Mmeona nilivyokufa? Mmeona?" Nikahisi mtu amenishika kifundo cha mkono. Yule bibi. Anaitwa Orn.

"Mwanangu. Nani aliyekufundisha fundo lile?"

Miaka ishirini ya kuficha vyanzo vya habari. Nikasema, "Mama."

Na Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika chupa ya maji aliyoniletea.

Bibi Orn hakumtazama kwanza. Alinitazama mimi, akaeleza kama anayemwelekeza mgeni njia. "Nililiangalia kutwa nzima. Tulifungwa safu, tukatembea toka asubuhi. Yule mama aliyekuwa mbele yangu, fundo lake lilikuwa hapa, mbele ya macho yangu. Lina mkia. Nilikuwa nafikiri, ningekuwa na meno marefu ningeuvuta."

Safu. Aliyefungwa analiona fundo la aliye mbele yake. Nimewafunga mwenyewe leo, nimewapanga mwenyewe, na tangu siku ya kulima naishi na sentensi ambayo mtoto wa shule angeitoboa. Mhariri wangu angenirudishia ukurasa bila neno.

Nilipata nafuu. Naiandika kwa sababu ilikuwapo. Ilidumu kiasi cha kumeza mate.

Kwa sababu Bibi Orn aliendelea. "Nimejaribu kulifunga nyumbani. Kwa kamba ya ng'ombe, kwa kitambaa. Miaka yote hii. Halitoki! Sura yake naijua, njia yake siijui." Ndipo akamgeukia Mama. Akauliza lile swali ambalo wazee wote wa nchi hii huulizana badala ya salamu:

"Ndugu yangu, wewe ulikuwa wapi?"

"Pursat," akasema Mama.

"Mimi Kampong Chhnang, mkoa wa jirani." Akatafuna kidogo. "Fundo lilikuwa lilelile."

"Lilelile," akasema Mama.

"Na wewe njia yake unaijua."

Mama akampa ile chupa ya maji. Bibi Orn akatema tambuu, akanywa, akafuta kinywa. Hakuna aliyeonyesha haraka. Nikafungua mdomo — nilikuwa na swali, safari hii nilikuwa nalo kweli — Mama akaniambia, kwa sauti ile ya nyumbani, ya wali na kuku:

"Nenda ukavue hizo nguo, Vuth. Unanuka majivu."

Nikaja kwenye basi. Nimebadilisha. Nimekaa dirishani.

Wako kwenye kivuli cha ukuta, karibu na choo. Sisikii. Bibi Orn anazungumza, Mama anaitikia kwa kichwa. Mara moja Mama amecheka, au amekohoa. Amevua krama mabegani, ile aliyoifua jana. Ameinyoosha. Bibi Orn ameshika ncha ya pili.

Kimleang anahesabu vichwa kwenye njia ya basi, bado ana rangi ya damu shingoni. "Mjomba, bado mama'ko tu! Umwite!"

Simwiti.

Wamesimama wanatazamana, krama imelegea katikati yao. Ili fundo lile lifungwe, mmoja lazima ampe mwenzake mgongo. Dereva amewasha injini. Rith anasema, "Wale wazee wanacheza nini?" Bado hakuna aliyegeuka.